Wasomaji wawili wa slaidi wakipishana, wasionekane hawajui

Ndugu Mhariri,

Kila wataalamu wanapopishana hadharani, wako wanaosema basi hakuna anayejua kitu. Sisi tunaosoma slaidi za malaria, yaani vioo vilivyopakwa damu ya mgonjwa ili kutafuta vimelea vya ugonjwa huo, tunaomba jambo hili litazamwe kupitia darubini.

Cheti na miaka kazini havitoshi kumfanya mtu mahiri. Katika mtihani wa Shirika la Afya Duniani, msomaji hupewa slaidi asizojua majibu yake. Ili apate daraja la kwanza, lazima apatie angalau asilimia 90 katika kutambua kama vimelea vipo, na asilimia 90 katika kutaja aina yake. Kwenye kuhesabu, anatakiwa aikaribie idadi sahihi, asiizidi wala kupungukiwa kwa zaidi ya asilimia 25, na hilo kwenye nusu tu ya slaidi. Nusu! Waliotunga kipimo hicho waliijua kazi yenyewe.

Tone nene la damu kwenye slaidi linaposomwa katika maeneo 100 ya lenzi (eneo moja ni sehemu inayoonekana kwa mara moja), damu iliyopitiwa ni kama robo ya mikrolita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya lita. Mgonjwa akiwa na vimelea 4 kwa kila mikrolita, hapo utategemea kukutana na kimelea kimoja. Msomaji mmoja atakiona, mwingine atapita maeneo mengine asione chochote, na wote wamefanya kazi safi. Dawa yake ni kusoma maeneo zaidi. Wakipishana kuhusu aina ya kimelea, kagua maji ya kuchanganyia Giemsa, rangi inayopakwa kwenye slaidi: pH, yaani kipimo cha asidi, inatakiwa iwe 7.2, kwani maji yenye asidi hufifisha vidoadoa vinavyotambulisha vivax na ovale, aina mbili za vimelea vya malaria. Na kama maabara moja inaona vimelea kila mara na nyingine haioni, shuku masalia ya rangi isiyochujwa. Kimelea halisi kina punje nyekundu pamoja na sehemu ya buluu. Uchafu wa rangi hauna mpangilio huo, na mara nyingi huonekana vizuri pale tu unapoisogeza lenzi nje ya usawa wa chembe za damu.

Ndiyo maana katika tafiti za dawa kila slaidi husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Wakipishana kupita kiwango kilichowekwa, huitwa wa tatu asiyejua majibu yao, kisha huchukuliwa wastani wa hesabu mbili zinazokaribiana zaidi.

Kukubaliana nako kuna hatari yake, tena pengine kubwa zaidi. Wote tukihesabu vimelea 50 kwa chembe nyeupe za damu 200, tunazidisha kwa 8,000, tunagawa kwa 200 na kuandika 2,000 kwa mikrolita. Lakini hiyo 8,000 ni makadirio ya chembe nyeupe zilizomo katika kila mikrolita ya damu. Mgonjwa mwenye chembe nyeupe 4,000 kwa mikrolita ana vimelea 1,000, nasi tutakuwa tumekosea kwa pamoja bila hata mmoja kushtuka.

Kwa hiyo tunaziomba maabara ambazo bado zinaandika alama za kujumlisha badala ya idadi ya vimelea ziache. "++" maana yake ni vimelea 11 hadi 100 katika maeneo 100. Aliyeona 12 na aliyeona 95 wanaandika jibu moja, na tofauti yao haichunguzwi na yeyote. Andikeni idadi ya vimelea, chembe nyeupe zilizohesabiwa na herufi za jina la msomaji, kisha slaidi itunzwe ili mwingine aweze kuisoma upya.

Wasomaji wa slaidi,
Dar es Salaam