Wakala hawezi kuwa mlinzi wa binti aliyempeleka Saudia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie suala la mabinti zetu wanaofanya kazi za nyumbani nchini Saudi Arabia, hasa upande mmoja wake ambao naona haujadiliwi ipasavyo. Kila jeneza linapopokelewa uwanja wa ndege, au video ya msichana anayelia inaposambazwa kwenye simu, mjadala wetu huishia kwenye swali lile lile: kwani hakuwaona waliomtangulia? Swali hilo humtwika lawama aliye mnyonge kuliko wote, na kumwacha wakala wa ajira aliyepokea fedha akiendelea na biashara yake.

Sababu ya wao kwenda si fumbo. Riyali 900 au 1,000 kwa mwezi, ambazo ndizo wengi wao hupewa, ni zaidi ya shilingi 30,000 za Kenya, takriban mara mbili ya kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hapa Mombasa. Na hicho kima cha chini chenyewe, tuseme ukweli, ni wangapi kati yetu wanaokilipa? Mwenye watoto wawili na deni la karo hahitaji kudanganywa ili apande ndege.

Jambo ninalotaka wasomaji walitazame kwa makini ni jinsi fedha zinavyozunguka. Mwajiri wa Riyadh au Jeddah anayetaka mfanyakazi huanza kwa kulipa maelfu ya riyali kwa ofisi ya huko, ambayo mabinti zetu huiita maktab, na sehemu ya fedha hizo hutumwa kwa wakala wa huku kwa ajili ya vipimo vya afya, mafunzo, tiketi na faida yake. Kwa hiyo mteja wa wakala ni yule mwajiri, wala si binti aliyeketi mbele yake akitia saini. Zaidi ya hayo, siku 90 za kwanza huhesabiwa kuwa za majaribio, na mfanyakazi akikataa kazi au akirudi nyumbani ndani ya muda huo, mwajiri hudai aletewe mwingine au arudishiwe fedha zake, na hasara humfuata wakala hadi mezani kwake. Sasa fikiria kwamba huyo huyo wakala ndiye mtu wa kwanza ambaye msichana aliyezidiwa huambiwa ampigie simu.

Hili limeifika familia yangu. Binti wa dada yangu alitutumia ujumbe wa sauti aliourekodi akiwa bafuni, maji yakimwagika kwenye ndoo ili wenye nyumba wasimsikie. Hakusema kwamba amepigwa. Alisema kwamba hulala saa nane usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri, kwamba akimaliza kazi za nyumba ile hupelekwa kwa mama mkwe wa mwajiri kufua mazulia, na kwamba pasipoti yake ilichukuliwa siku aliyofika na hajaiona tena. Dada yangu alikwenda katika ofisi ya wakala na simu hiyo mkononi. Mhudumu aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho, akafungua faili, akahesabu kwa ncha ya kalamu kwenye kalenda ya mezani, kisha akasema, "Mwambie avumilie, mama. Mwanzo wote huwa hivyo." Miezi mitatu ilipotimia na sisi tukapiga simu tena, jibu lilikuwa kwamba suala hilo sasa ni la mwajiri na maktab.

Simlaumu sana yule mhudumu, kwani alifanya hesabu ambayo biashara yake inamtaka aifanye. Ninachokilaumu ni utaratibu uliomfanya mfanyabiashara mwenye hofu ya hasara kuwa sikio la kwanza la mtu aliye hatarini.

Naye asiyeweza kuvumilia ana pa kwenda? Chini ya utaratibu wa kafala, yaani udhamini, iqama yake, yaani kibali cha ukaazi, imefungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Akitoka nyumbani bila idhini, kafili anaweza kuripoti kwamba ametoroka, na ripoti hiyo humfanya aliyedhulumiwa awe mtu wa kukamatwa, hata kama anadai mishahara ya mwaka mzima. Mageuzi ya sheria za kazi ambayo Saudi Arabia iliyaanzisha Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, pamoja na madereva wa watu binafsi, watunza bustani na wachungaji. Ni kweli kwamba kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinawapa wafanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kwa wiki, zinaweka ukomo wa saa kumi za kazi kwa siku, na zinakataza mwajiri kushikilia pasipoti. Lakini kanuni hizo hazifiki penye mlango uliofungwa kwa ufunguo. Mei 2025, shirika la Amnesty International lilichapisha maelezo ya wanawake wa Kenya zaidi ya 70 waliofanya kazi huko, na wengi wao walisimulia siku za kazi zilizopita saa 16. Kabla ya hapo, mwaka 2021, Wizara yetu ya Mambo ya Nje ililieleza Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa takriban miaka miwili, wengi wao wakiandikiwa kwamba moyo ulisimama. Vijana waliofaulu vipimo vya afya kabla ya kusafiri!

Wapo wanaosema kwamba nchi maskini haina nguvu mbele ya tajiri wa mafuta. Nchi ya Ufilipino inalikanusha hilo. Serikali yake ilishikilia kwa miaka mingi kwamba raia wake hatafanya kazi ya nyumbani ugenini kwa chini ya dola 400, yaani riyali 1,500, na waajiri wakalipa. Matokeo yake ni kwamba Mfilipino na Mkenya wanaweza kufanya kazi ile ile katika mtaa mmoja, Mfilipino akipokea angalau mara moja na nusu ya mshahara wa Mkenya. Mwaka 2018, baada ya maiti ya mfanyakazi wa Kifilipino kukutwa ndani ya jokofu nchini Kuwait, Manila ilisimamisha kupeleka wafanyakazi huko mpaka Kuwait ilipotia saini makubaliano yanayokataza mwajiri kuchukua pasipoti. Kenya nayo iliwahi kupiga marufuku safari hizi mwaka 2014 na kuziruhusu tena baada ya miaka michache, lakini wasichana hawakuacha kwenda. Walipitia njia za panya, na huko hata jina la wakala halikuwa limeandikwa popote. Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaodai marufuku.

Ninachodai ni kwamba malalamiko yaondolewe mikononi mwa wakala. Ubalozi wetu Riyadh uwe na maofisa wa kazi wa kutosha na nambari ya simu inayopokelewa usiku, maana usiku ndio wakati ambao mfanyakazi wa nyumbani hupata nafasi ya kupiga. Wakala azuiwe kisheria kubeba hasara ya mfanyakazi anayerudi kwa sababu ya dhuluma, gharama hiyo imwangukie mwajiri, ili mtu wa ofisini asiwe na sababu ya kutazama kalenda anapoelezwa mateso. Wamiliki halisi wa kampuni za uwakala wajulikane kwa majina, kwani haifai mtunga sheria kuwa na hisa katika biashara anayotakiwa kuidhibiti. Kadhalika, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo hutoa orodha ya mawakala waliosajiliwa, ichapishe kando ya kila jina idadi ya wafanyakazi waliopelekwa, waliorudi kabla ya mkataba kuisha, waliolalamika na waliofariki. Mama anayemsindikiza mwanawe kutia saini ana haki ya kuisoma orodha hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, na sioni sababu ya Wizara ya Kazi kushindwa kuitoa kabla mwaka huu haujaisha.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa
(Jina limehifadhiwa)