Zawadi ya Salim Kabla Hajapanda Mlima

Moshi,
Tarehe 18 Mei.

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe pamoja na Mama. Sisi huku hatujambo. Masika yanaelekea ukingoni, na mlima umeanza kujitokeza alfajiri kabla mawingu hayajaufunika tena. Barua yako nimeipata, na swali lako kuhusu zawadi ya mdogo wetu Salim nimelipokea kwa furaha, maana kosa unalotaka kuliepuka mimi nilikwisha kulifanya.

Unauliza kama umnunulie buti kabla hajapanda Kilimanjaro mwezi Agosti. Tafadhali usinunue. Baba Eliya alipojiandaa kupanda na wenzake wa kazini, nilimnunulia buti kwa siri, nikiwa nimepima kiatu chake cha ofisini kwa uzi na kupata namba ile ile kabisa. Akazivaa siku ya safari zikiwa mpya, kwa kuwa hakutaka kuniudhi. Katika kupanda hapakuwa na shida. Shida ilikuja wakati wa kushuka kutoka vibanda vya Horombo hadi lango la Marangu, ambapo kwa saa nyingi mguu husukumwa mbele ndani ya kiatu, na vidole vyake havikuwa na nafasi hata kidogo. Alirudi na kucha mbili nyeusi, ambazo baadaye ziling'oka, naye kwa upole wake akaniambia kwamba buti zilikuwa nzuri sana. Kiatu cha mlima huchaguliwa na mwenye mguu, ikiwezekana jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, akiwa amevaa soksi zile zile atakazopandia, kisha akizoee kwa wiki kadhaa kabla ya safari. Kama bado moyo wako uko kwenye buti, mpe fedha, akachague mwenyewe.

Mimi ningeanza na soksi. Najua utacheka na kusema kwamba soksi si zawadi ya dada kwa kaka yake, lakini nisikilize. Soksi za pamba hunyonya jasho zikabaki na majimaji, ngozi ikalainika, ikasuguliwa, na kufikia siku ya pili malengelenge yameshatoka; usiku unyevu ule ule hugeuka kuwa baridi. Sufu huendelea kutunza joto hata ikiwa imelowa. Mpe jozi tatu nzuri, na umsihi jozi moja asiiguse kabisa mpaka usiku wa kwenda kileleni. Soksi za namna hiyo ni ghali kiasi kwamba kijana hawezi kujinunulia kwa hiari yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo zawadi inapokuwa zawadi.

Baada ya soksi, tochi ya kichwani. Wapandaji wa njia ya Marangu huondoka kwenye kibanda cha Kibo, karibu mita 4,700, kwenye saa sita za usiku, wakati changarawe bado imeshikana kwa baridi na haitelezi sana, ili jua liwakute huko juu wakielekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mtu anayepanda gizani akiwa na fimbo mikononi hawezi kushika tochi ya simu. Ongeza na betri za akiba, ikiwezekana za lithiamu, kwa sababu betri za kawaida hudhoofika upesi kwenye baridi, na umwambie azilaze pamoja naye ndani ya mfuko wa kulalia.

Jiko dogo la gesi ulilolitaja liache dukani. Kwenye njia ya Marangu watu hulala katika vibanda na chakula hupikwa na wapishi wa msafara, kwa hiyo jiko hilo litamfaa pengine siku akienda kupiga kambi kwingine, lakini si Agosti hii. Kisu chenye vifaa kumi na viwili nacho ni mzigo tu. Wagumu wetu, yaani wapagazi wa mlimani, wamewekewa kikomo cha kilo 20, na Salim mwenyewe atabeba shanta yake ya mchana. Ukimpa kitu, fikiria kwanza kitakaa mgongoni kwa siku ngapi. Chupa ya maji yenye mdomo mpana ni bora kuliko mfuko wenye mrija, kwa kuwa mrija huganda karibu na kilele. Chupa huwekwa kichwa chini, kwani maji huanza kuganda upande wa juu, na hivyo mdomo hubaki wazi. (Mama akitaka kuchangia, kanga moja inatosha: atajifunga shingoni dhidi ya vumbi, na siku nyingine itakuwa taulo.)

Koti la baridi usinunue dukani kabla sijapita soko la Memorial, ambako mitumba ya mlimani hupatikana kwa bei ya kuridhisha kwa mtu anayejua kukagua zipu na mishono.

Hata hivyo, iwapo mfuko unaruhusu, ipo zawadi moja ninayoipenda kuliko hizo zote. Mlipie Salim siku moja ya mazoezi mwezi Julai: kiingilio cha hifadhi, ambacho kwa Mwafrika Mashariki ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, pamoja na malipo ya mwongozaji. Atatembea kutoka lango la Marangu kupitia msituni hadi vibanda vya Mandara, karibu mita 2,700, achungulie kreta ya Maundi iliyo jirani, kisha arudi siku hiyo hiyo. Kama buti zinambana, atalijua hilo akiwa karibu na nyumbani kwetu, na muda wa kuzibadilisha utakuwepo. Chumba cha Eliya kiko wazi tangu aende chuo, na Baba Eliya ameshasema atamsindikiza, safari hii kwa viatu alivyojichagulia mwenyewe.

Niandikie namba ya mguu wa Salim, nizitafute soksi wiki ijayo, pamoja na tarehe ya Julai inayomfaa. Msalimie Mama.

Rafiki yako akupendaye,
Aneth