Jedwali jipya la vigezo: naomba mlijaribu

Wapendwa, salaam. Toleo la majaribio la jedwali la vigezo, katika programu yetu ya kulinganisha modeli na data za utawanyaji wa miale, liko tayari. Fungueni modeli ya tufe, badilisheni nusukipenyo kutoka angstromu 50 hadi 60, kisha wekeni mipaka ya chini na ya juu.

Ninalolijali zaidi ni kisanduku cha kufunga kigezo (kibaki na thamani yake) au kukiachia (programu ikibadilishe ili modeli ilingane na data): lazima kikae kando ya thamani, kionekane bila kutafutwa. Kwenye modeli hii skeli, yaani kizidishi cha jumla cha ukali wa utawanyaji, huzidishwa na mraba wa tofauti ya msongamano wa urefu wa utawanyaji (kipimo cha nguvu ya dutu kutawanya miale) kati ya tufe na kinacholizunguka. Ukiviachia vyote viwili, skeli na tofauti hiyo, data peke yake haiwezi kuvitenganisha, na mwanafunzi ataondoka na namba zinazopendeza lakini hazina maana. Kigezo kikigonga mpaka, seli igeuke nyekundu.

Picha za skrini zitumwe hapa kabla ya Ijumaa jioni. Asanteni.