Mbwa Anainua Mguu, Mkojo Hautoki

Mzee mmoja kutoka Kigamboni alituletea kwenye kliniki yetu ya wanyama mbwa wake dume akiwa ameshamchoka. Siku tatu mfululizo, alisema, mnyama anachafua baraza, tone hapa, tone pale, na ameshamchapa mara mbili. Tukamtoa mbwa uani. Akaenda moja kwa moja kwenye mwembe, akainua mguu, akajikamua muda mrefu huku mgongo umejikunja. Yakatoka matone manne, la mwisho jekundu. Mzee akanyamaza kimya.

Eksirei ilionyesha kijiwe kimekwama nyuma ya mfupa wa uume. Mbwa dume ana mfupa hapo, na mrija wa mkojo unapita chini yake kwenye mfereji mwembamba usioweza kutanuka. Tulikirudisha kibofuni kwa kusukuma maji kupitia katheta, mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo, kisha tukampasua tukakitoa pamoja na vingine sita.

Wenye mbwa wakisikia habari hii huuliza kwanza kuhusu chakula. Sisi huanza na maji. Mkojo hubeba madini. Ukiwa mwingi na mwepesi, madini hutoka nao. Ukiwa mchache na mzito, huganda, kama maji ya bahari yanavyoacha chumvi kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Sasa mfikirie mbwa anayefungiwa bandani tangu saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku. Bakuli la maji amelipindua kabla ya saa 4, au jua limeyapasha hata hayanyweki. Na mbwa aliyelelewa vizuri hakojoi anapolala, hivyo atabana hadi afunguliwe. Huyo anayesifiwa kwa usafi ndiye tunayemhofia zaidi.

Tunaulizwa sana pia kuhusu maji ya kisima yenye chumvi. Tunachokiona kibaya ni kwamba mbwa asiyeyapenda hunywa kidogo. Mpe maji yale yale mnayokunywa nyumbani.

Kwa majike, chanzo kikubwa ni maambukizi. Mrija wao ni mfupi, bakteria hupanda kwa urahisi, na baadhi yao huugeuza mkojo hadi ukapoteza asidi yake, ndipo mawe ya aina iitwayo struvaiti yakajengeka. Haya yana nafuu: mara nyingi huyeyuka kwa chakula maalumu na antibayotiki, ingawa huchukua wiki nyingi na dozi haikatizwi. Aina nyingine, mawe ya oksaleti ya kalsiamu, hayayeyuki. Hupenda madume ya umri mkubwa, hasa mbwa wadogo kama Shih Tzu, Yorkshire Terrier na Miniature Schnauzer. Dalmatian, yule mbwa mweupe mwenye madoadoa, ana lake la kuzaliwa nalo: mwili wake hutoa asidi ya yuriki nyingi kwenye mkojo, nayo huweza kuganda kuwa mawe, kwa hiyo maini na dagaa, vitu vinavyozidisha asidi hiyo, visiwe chakula chake cha kila siku. Mawe ya aina hiyo mara nyingi hayaonekani hata kwenye eksirei. Ndiyo maana wakati mwingine tunakuomba ukubali na altrasaundi. Si kwamba tunakuongezea bili.

Tafadhali, usimpe ndimu wala magadi kwa kuambiwa na jirani. Kinachopunguza asidi ya mkojo husaidia jiwe moja na kulisha jingine, na kwa macho tu hakuna anayejua mbwa wako ana lipi. Ndiyo maana pia tukilitoa jiwe tunalipeleka maabara. Mawe hurudi, na kuyazuia kunategemea kujua ni ya aina gani.

Ukimwona mbwa wako anakojoa mara kwa mara kidogo kidogo, anajilamba sana sehemu za siri, au mkojo una damu, kinga mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi na kavu utuletee mapema, ukiwa haujakaa. Kuupima huchukua muda mfupi.

Dume anayejikamua bila kutoa chochote asisubiri asubuhi. Mkojo ukiziba, sumu na potasiamu hupanda kwenye damu, moyo huanza kuyumba, na siku chache tu zinatosha kumuua. Tupigie hata saa 8 usiku, tutakufungulia geti.