Dada uliyekaa dawati la nyuma, asante

Dada yangu, jina lako silitaji kwa kuwa uliniomba hivyo, ila moyo umekataa kunyamaza.

Mwanangu alifika darasa la tatu akiitwa mzito wa kuelewa. Nami, Mungu anisamehe, nilishaanza kuamini, hata fimbo nilishika. Wewe, mwanasaikolojia wa shule, ulikaa dawati la nyuma asubuhi mbili, husemi kitu, unaandika tu. Kwanza ukahakikisha masikio na macho yake yako sawa. Kisha ukamsogezea karatasi. Umeandika "baba", yeye akasoma "dada". Ukaandika tena kwa herufi kubwakubwa, akasoma "bada". Lakini hadithi uliyomsimulia kwa mdomo aliirudia yote, mpaka rangi ya mtumbwi.

"Akili anayo," uliniambia. "Herufi ndizo zinamgeukia." Nililia pale pale.

Hukuishia kutaja disleksia, yaani shida ya kusoma isiyotokana na uchache wa akili, ukaondoka. Ulikaa na mwalimu wake mkapanga asomewe maswali, aongezewe muda, aweke kipande cha karatasi chini ya mstari. Ukanifuata hadi soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, naanua dagaa, ukamweleza bibi yake kwa Kisukuma kwamba mtoto hajarogwa. Hilo mimi nisingeliweza.

Ulinieleza kuwa Marekani, tangu sheria ya mwaka 1975, mtoto hupimwa kwanza ndipo apewe elimu maalumu. Natamani kila wilaya ya Kanda ya Ziwa ipate mtu kama wewe.

Jana, tukisubiri kivuko cha Kamanga, mwanangu alisoma kibao chote, kidole kikifuata herufi.

Wabeja sana, dada.