Anti, nimsuke mteja nikiwa nimevaa glavu?

Anti, shikamoo. Kamwene kutoka Iringa.

Mimi ni msusi, nina miaka 29, nafanya kazi kwenye saluni ya mama mmoja huku Kihesa. Bosi wangu amenipa sharti ambalo sijui nilipokeeje: nivae glavu kila ninapomshika mteja, la sivyo nibaki nyuma nifue taulo na kufagia.

Nina vitiligo, wengine wanaiita mbalanga. Ilianza kwenye ncha za vidole na shavuni, madoa meupe pe, hayawashi wala hayaumi. Shangazi yangu wa Kilolo alipoyaona akasema ni ukoma, akanitengea kikombe. Hospitali daktari aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa kwa pamba, mara kwenye doa, mara pembeni, nami nioneshe anaponigusa. Nilipatia kila mara. Akasema baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, tena hufifia tu, haliwi jeupe namna hii. (Hata huo ukoma una vidonge vya bure na unapona, lakini nani amwambie shangazi?) Kumbe ni kinga ya mwili wangu mwenyewe inayoshambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hauambukizi, si kwa mkono, si kwa kitana, si kwa taulo.

Kuna binti wa chuo akiingia saluni ananiita Michael. Simkasirikii sana. Michael Jackson alisema mwenyewe kwenye televisheni mwaka 1993 kwamba ana ugonjwa unaomwondolea rangi, na bado watu wakashikilia kuwa anajichubua.

Shida yangu iko kwenye kioo. Mteja ameketi saa nzima anajitazama, na anachokiona ni vidole vyangu vikipita kichwani mwake. Wapo wanaouliza, nawajibu, tunaendelea na umbea wetu. Wanaoniumiza ni wasiouliza. Ghafla anakumbuka ana mgonjwa wa kumpelekea chakula, kesho yake namwona kasukwa saluni ya jirani. Bosi ana pango la kulipa, simlaumu kwa kuogopa. Ila glavu, Anti! Nikiweka dawa ya nywele navaa, na kila msusi anatakiwa avae. Kwenye kusuka rasta, hizi nywele za bandia, haiwezekani. Nywele unaibana kwa ncha za vidole kuanzia kwenye ngozi, unaikaza, unachanganya na rasta, unashuka nayo. Ukiwa na mpira mkononi inateleza, shina linalegea, na mteja anarudi kabla wiki haijaisha kudai hela yake. Halafu kwenye saluni yenye wasusi wanne, akinikuta mimi peke yangu nimevaa glavu kwenye rasta, si ndiyo nimemthibitishia hofu yake?

Lipo na lingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Daktari aliniambia ngozi inayosuguliwa au kuumia mara kwa mara inaweza kuotesha mabaka mapya palepale, na kwamba baadhi ya dawa za kupaka nywele weusi zinaweza kuiondolea ngozi rangi kwa watu wengine. Uzi wa rasta unanikata kwenye kidole cha shahada, na ndipo baka linapozidi kutanuka. Kanta, hiyo dawa ya weusi, nimeacha, namwachia mwenzangu. Rasta nitaachaje? Ndiyo ada ya mtoto, ndiyo kodi ya chumba.

Dawa ya kupaka ninayo, na nimeambiwa ipo pia tiba ya mwanga maalumu. Shavuni vimeanza kurudi vidoti vidoti vya rangi. Vidole bado, na niliambiwa mapema kuwa mikono ndiyo migumu kuliko uso. Kwa hiyo msinishauri nisubiri hadi vipone. Wala msinielekeze kwa mganga. Alishakuja mmoja na utomvu wake unaochoma, na jeraha ndilo nisilolitaka kabisa. Na kuna aliyeniambia nijipake mkorogo nifanane mwili mzima!

Ninachoomba ni hiki. Mteja mpya nimwambie kabla hajaketi, au ningoje aulize? Nilitaka kubandika karatasi ukutani ya kueleza, bosi akasema itafukuza hata waliokuwa hawajaona. Nimewaza pia kutoka niwasuke majumbani wale wanaonijua, lakini wateja wapya hupatikana saluni, hasa wanafunzi vyuo vinapofunguliwa.

Na kama yupo msusi au fundi cherehani mwenye hali hii anasoma, aniambie vidole anavilinda kwa kitu gani. Nimejaribu plasta ya kitambaa kwenye kidole cha shahada. Inashika uzi vizuri kuliko glavu, ila wateja wanadhani nina kidonda. Bosi anataka jibu mwisho wa mwezi.

Msusi wa Kihesa, Iringa