Kwako wewe uliyesema sisi ni watu wa animasyo, wa kuchangamsha sherehe tu

Mwenzangu,

Naandika hapa kwa sababu kwa WhatsApp umenibloke, na namba ile ingine inaita tu mpaka inakata. Najua mdogo wako anasomaga hapa, atakufikishia.

Kwanza hongera ya mtoto. Niliona picha yake kwa simu ya mtu, ana macho yako, yale ya kuangalia mtu kama unamdai. Nilifurahi kabisa, halafu nikakaa chini nikalia, juu gani mtoto wako nimuone kwa simu ya watu, mimi nililala na wewe godoro moja miaka sita tukizunguka na trupe yetu ya ngoma na mchezo, Walungu, Kamanyola, Luvungi, Sange, mpaka Uvira, mimi ndiye nilikufunika kitenge changu siku malaria ilikupiga Kiliba tukakulaza kwenye viti vya kanisa, ukatetemeka usiku mzima viti vinagongana.

Ile safari yetu ya mwisho inanirudiaga. Saa 11 alfajiri pale Nyawera, hapa Bukavu, giza, shofere anafunga sono, vile vipaza sauti, kwa kamba juu ya kamyoneti, na wewe umesimama kando ya ngoma kubwa unakula mandazi, unakataza kila mtu asiikalie. Pale mteremko wa Ngomo shofere alitushusha wote gari literemke tupu, ukaibeba ngoma kichwani kwenye matope juu hukuamini breki zake. Baridi yetu inabaki kule juu, ukifika Kamanyola joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria ya bugali. Na ngoma nazo unazijua. Huku Bukavu tuko karibu mita 1,500, mvua na ukungu vinalegeza ngozi mpaka tuiote moto wa majani kabla ya kupiga. Kule Uvira kando ya Tanganyika urefu ni kama nusu tu, jua linaikaza mpaka inalia debe, na wewe ulikuwa unalowesha kitambaa unaipangusa pembeni pembeni, polepole, unagonga kwa kidole, unasikiliza, unapangusa tena. Huyu mtoto tulimchukua kwenye trupe mahali pako anamwagaga maji katikati. Nimemfundisha, hasikii.

Na Sange. Shofere akifika pale alikuwa anazima redio bila kuambiwa, juu ya lile lori la mafuta la tarehe 2 Julai 2010, watu walikuja kuchota, wengine wamejaa ndani wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia, likalipuka, wakafa zaidi ya 230. Tulicheza pale mchana, tukasimamisha mchezo katikati kama kawaida yetu, mtazamaji aingie acheze mwenyewe, ukauliza nani anaingia mahali pangu, na yule mama akainuka. Akakutoa kile kitenge ulikuwa umekikunja kama mtoto, akakishika yeye. Akaanza kusema, na haikuwa maneno ya mchezo tena, ilikuwa ya mtoto wake mwenyewe, siku ile. Mimi nilitaka kupiga ngoma tuendelee, niliogopa. Wewe ukanikataza kwa mkono, ukakaa mchangani miguuni pake mpaka akamaliza. Watu wote kimya, hata watoto. Usiku nilikuambia hakuna masomo yanafundisha kitu kile.

Sasa niambie. Aliyekaa mchangani Sange na yule aliyesimama Nguba siku ya mahari yako, ni mtu mmoja?

Tulikuja watu saba, vitenge sare, tulishona kwa feza yetu. Mvua ilikuwa imenyesha, tuliteremka kwa miguu toka Kadutu na ngoma tumeifunika na bashi. Hatukuja kulipwa. Tulikuja kama upande wako, nilikuwa hata nimejipangia maneno ya kusema wakiita ndugu za bibi-harusi. Protokole akatusimamisha mlangoni, mama mkwe wako akakuuliza hawa ni nani, nilikuwa karibu kabisa, nilisikia, ukasema, "Hao? Ni watu wa animasyo." Na ukaangalia kucha zako.

Wakatupeleka nyuma na wale wa sono. Walitupa wali na sambaza kwenye sahani za plastiki, sambaza moja ikaniangukia kwenye kiatu, na nakumbuka niliiangalia tu ile samaki juu sikutaka kuinua macho. Halafu tukaitwa. Nikapiga. Nilipiga vizuri, uliza yeyote, na wewe ukacheza ile tuliyofundishwa na wamama wa Walungu, ukanipa mgongo toka mwanzo mpaka mwisho. Shemeji wa bwana wako akaja akanibandika noti ya franka 500 kwenye paji la uso, imelowa jasho, imenata. Ukageuka wakati ule. Ukaona. Ukacheka na wao.

Noti ninayo. Iko katikati ya daftari la repetisyo, la mazoezi yetu.

Mimi sikatai ndoa. Bwana wako watu wanamsifu na mimi namwombea kazi yake ya Lubumbashi iende. Lakini sikia neno la mtu anakupenda: usimfiche ulikotoka, juu ukianza kuficha trupe kesho utaficha na mama yako. Mwanamke kulala njiani na wanaume wa ngoma, najua wanavyosema, mimi nimesemwa kuliko wewe, hata wajomba zangu walikaa kikao. Sikuacha. Na siyo kwamba nilikosa mtu wa kunioa kama ulivyowaambia wasichana, walikuja wawili, wewe unawajua, wote walitaka nichague na nikachagua, na sijaonea mtu kwa kuchagua.

Na maneno ya feza ya Uvira, kwa sababu umetangaza kwamba nilikula yako, na mimi niyajibu hapa. Sehemu yako ilikuwa dola 40. Resori ya gari ilikatika tukipanda, kila mtu alitoa, yako nikatoa dola 25 bila kukuuliza juu ulikuwa umetangulia kurudi na pikipiki ya mtu. Hiyo siyo kula. Ile 15 iliyobaki nilinunua dawa za mama. Ile ndiyo nilikula, nilitaka nikuambie siku ya mahari, nilikuwa nayo kwenye bahasha, dola 15, imekunjwa ndani ya sidiria. Nilirudi nayo Kadutu.

Toka Februari 2025, vita vilipoingia mjini, hatujashuka tena Uvira. Tumebaki watano, tunacheza mu mashule hapa hapa Bagira na Panzi, wakati mwingine bure. Ngoma kubwa iko kwa mama, kando ya jiko, anasema moshi unaitunza. Anakuulizaga. Namjibu uko mbali, mtandao mubaya.

Sare yako ya kitenge iko bado kwenye sake la trupe, sijampa huyu mtoto, ni mrefu, ingetaka kufumuliwa pindo na sitaki kufumua kitu chako bila wewe kusema. Mwambie mdogo wako aniambie. Nifumue, ao niache?